Jua la Mwanza na Taa za Ulaya

Mkazi wa Mwanza hana haja ya kuelezwa mjusi wa mawe ni nani. Apandaye mwamba wowote wa mji huu, uwe wa Capri Point au wa Bugando, uwe wa Igogo au wa Mabatini, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi atamkuta dume amejinyoosha juu ya jiwe, kichwa na mabega vikiwa na wekundu wa waridi, kiwiliwili na mkia vikiwa buluu, akitikisa kichwa juu na chini kama mjumbe anayeafiki hoja mkutanoni. Watoto humrushia vijiwe na watu wazima hawamtazami. Wataalamu wa dunia, hata hivyo, humjua kwa jina la mji wetu. Katika vitabu vyao anaitwa Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923 na Arthur Loveridge, ambaye alifanya kazi hapa Tanganyika kabla ya kwenda kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard.

Mjusi huyo huyo akifika Ulaya au Marekani hubadilishwa jina. Kwa sababu ya wekundu na ubuluu wake, wafanyabiashara humwita kwa jina la Spider-Man, yule shujaa wa vitabu vya picha vya watoto, nao humweka ndani ya sanduku la kioo lenye mchanga na jiwe moja au mawili. Juu ya sanduku hutundikwa taa maalumu ya umeme itoayo mionzi ya urujuanimno, na kila nyenje anayetupiwa hupakwa kwanza unga mweupe wa kalsiamu na vitamini. Mwenye mjusi hununua taa, hununua unga, hulipia umeme, na baada ya miezi kadhaa hununua taa nyingine, yote hayo ili mnyama apate kitu ambacho pale Capri Point alikuwa akikipata kwa kutoka tu katika ufa wa jiwe lake.

Atakuwapo msomaji atakayeuliza kama gazeti la mkoa, lenye kero za maji, bei ya pamba na kupungua kwa sangara, lina nafasi ya kuzungumzia taa za mijusi. Tunaamini nafasi ipo. Jambo hili linahusu mali iliyotoka katika ardhi yetu, na elimu inayobebwa na taa hiyo inawahusu pia watoto wetu wenyewe, kama tutakavyoonyesha.

Kwanza ieleweke taa hiyo inafanya kazi gani. Katika ngozi ya mjusi, kama katika ngozi ya binadamu, imo mafuta ya namna fulani ambayo, yakipigwa na sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, hubadilika. Sehemu hiyo ni ile iliyo nje kidogo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua, na wataalamu wakiipima huitaja kuwa ni mawimbi ya urefu wa nanomita 290 hadi 315 hivi. Kile kinachopatikana kwanza bado si vitamini kamili. Hukamilishwa na joto la mwili, ndipo kikawa vitamini D. Kisha huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, na baadaye hadi kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili na kuwa tayari kwa kazi. Kazi yenyewe ni kuyaamuru matumbo yaipokee kalsiamu iliyomo katika chakula. Bila amri hiyo kalsiamu hupita tumboni na kutoka, na mwili, ambao hauwezi kuishi bila kalsiamu katika damu, huanza kuiiba kutoka katika mifupa yake wenyewe.

Mjusi aliyefikwa na hali hiyo ni wa kusikitisha kumtazama. Taya hulegea kama mpira, miguu hupinda na kuvimba, uti wa mgongo hujikunja, vidole hutetemeka, na mwishowe hushindwa kujiinua tumbo lake kutoka ardhini. Kobe naye gamba lake huwa laini au huota vilima visivyo vya kawaida. Maelfu ya wanyama watambaao walikufa hivyo katika nyumba za watu waliowapenda, kwa kuwa wenye kuwafuga waliwapa joto, maji na chakula wakadhani wamekwisha kutimiza wajibu.

La kushangaza ni kwamba sanduku la kioo likiwekwa dirishani, jua likaingia na kumulika kila pembe, mnyama bado hupata ugonjwa. Kioo cha kawaida huruhusu mwanga na joto kupita, lakini mionzi ile inayohitajika huizuia. Vivyo hivyo balbu ya kawaida ya nyumbani huangaza na kupasha joto bila kutoa mionzi hiyo. Ndiyo maana zikatengenezwa taa za namna yake, nyingine za mirija na nyingine za mvuke wa zebaki. Nazo zina hila zao. Ikitundikwa mbali kidogo nguvu yake hupungua sana, ikifunikwa kwa kioo haina faida, na baada ya miezi sita hadi mwaka huendelea kuwaka vizuri machoni pa mtu ilhali mionzi yake imekwisha kufifia. Mfugaji asiyejua hilo huona taa inawaka, akatulia, huku mnyama akizidi kulegea.

Elimu hii haikutokana na mijusi. Ilitokana na watoto wa maskini wa Ulaya. Katika karne ya kumi na tisa, miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi wa makaa ya mawe na vichochoro visivyoingia jua, na watoto wa wafanyakazi walikua na miguu ya matege kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari wa misheni aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kwamba ugonjwa huo hufuata upungufu wa jua, lakini hakusikilizwa sana. Hata wanyama wa bustani ya London hawakusalimika: mwaka 1889 daktari John Bland-Sutton aliwatibu watoto wa simba waliokuwa na matege kwa kuwapa mifupa iliyopondwa na mafuta ya ini la samaki aina ya chewa. Baadaye, mwaka 1919, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwamba mbwa waliofungiwa ndani na kulishwa uji walipata matege, na kwamba mafuta ya samaki yaliwakinga. Kurt Huldschinsky wa Berlin naye aliwaweka watoto wagonjwa, wengi wao wakiwa wamedhoofishwa na njaa ya vita, mbele ya taa ya zebaki, na mifupa yao ikaanza kukaza. Miaka mitatu baadaye Elmer McCollum wa Marekani akaipa vitamini hiyo herufi D, na mwaka 1928 Adolf Windaus wa Ujerumani akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo taa iliyo juu ya mjusi wetu huko ughaibuni ni mjukuu wa taa ya Huldschinsky, na ule unga mweupe ni jamaa wa mafuta ya samaki ya Mellanby.

Kati ya taa na unga, ipo tofauti ambayo yafaa izingatiwe. Mnyama akikaa juani kutwa nzima hazidiwi na vitamini D, kwa sababu ile iliyozidi katika ngozi hubadilishwa na mwanga ule ule kuwa vitu visivyodhuru. Jua lina kizuizi chake ndani yake. Unga hauna. Mfugaji mwenye huruma nyingi na elimu kidogo akimzidishia mnyama unga wenye vitamini D, kalsiamu huvuka mpaka, ikaganda katika figo na katika mishipa ya damu. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Gary Ferguson walionyesha mwaka 2003, kwa kinyonga mkubwa wa Bukini, kwamba kinyonga aliyelishwa vitamini D kidogo hujipeleka kwenye mwanga muda mrefu zaidi kuliko yule aliyelishwa nyingi. Mnyama, basi, hujipimia mwenyewe, mradi apewe mahali pa kwenda na mahali pa kurudi.

Wala si wote walio sawa. Mjusi kafiri wa ukutani, ambaye usiku hulinda balbu za nyumba zetu akinyakua wadudu, hatumwoni akiota jua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulimlinganisha mmoja wa jamaa zake na mjusi wa mchana wa Texas, ukaonyesha kwamba ngozi ya huyu wa usiku hutengeneza vitamini kwa ufanisi mkubwa zaidi, kana kwamba inajua kwamba hupata mwanga wa dakika chache tu. Nyoka nao wana njia yao. Kwetu Usukumani Wayeye wamefuga chatu na nyoka wa sumu vizazi kwa vizazi, wakawatoa uwanjani siku za mashindano ya ngoma, na hatujapata kusikia kwamba waliwatundikia taa. Nyoka humeza panya au kuku mzima, pamoja na mifupa yake na ini lake, na ndani ya kitoweo hicho imo kalsiamu na imo vitamini. Mjusi alaye nyenje hana bahati hiyo, kwa kuwa nyenje hana mifupa na mwili wake una fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Hapo ndipo ule unga unapopata sababu yake.

Tuje sasa kwenye biashara yenyewe, ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Ng'ambo ya ghuba yetu, upande wa Busisi, ambako watu walivuka kwa kivuko miaka mingi mpaka Daraja la JP Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, ndiko alikotoka kobe bapa wa mawe aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1903 na Friedrich Siebenrock wa Vienna. Kobe huyo hafanani na wenzake. Gamba lake ni jembamba, limelala kama chapati na linanyumbulika. Akitishwa hajikunyati, bali hukimbia na kujipenyeza katika ufa wa jiwe. Jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara. Mnyama wa uzazi wa namna hiyo hawezi kuhimili kuvunwa, lakini alivunwa. Kenya ilizuia kumsafirisha mwaka 1981. Kutoka kwetu maelfu waliendelea kwenda masokoni Ulaya, Marekani na Asia, na waliowatafuta walipasua na kupindua mawe ambayo ndiyo nyumba zao. Ni mwaka 2019 tu ndipo mkutano wa mataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Geneva, ulipomwingiza katika orodha ya kwanza, inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini.

Mkoani Morogoro, katika msitu mdogo wa Kimboza, mjusi wa buluu aishiye katika mikadi aliandamwa vivyo hivyo. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwishoni mwa mwaka 2004 na katikati ya mwaka 2009 zaidi ya mijusi 30,000 walitolewa, na mikadi ikakatwa ili kuwafikia. Naye amewekwa katika orodha hiyo tangu mwaka 2017. Vinyonga wa Usambara na Uluguru, ambao kundi lao moja wataalamu wamelipa jina la Kinyongia kutokana na Kiswahili chetu, walipakiwa katika vifuko vya kitambaa na kupandishwa ndege.

Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kuwaondoa wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapaza sauti, na tangazo hilo likasimamishwa katika siku chache. Sisi tuliunga mkono sauti hizo. Hatusemi hivyo kwa kuwachukia wafanyabiashara, wala kwa kusahau kwamba kijana wa kijijini aliyeinama juani kumkamata mjusi alikuwa anatafuta ada ya mtoto. Tunasema hivyo kwa sababu ya hesabu. Kijana huyo alilipwa kiasi kidogo kwa kila mnyama na hakulipwa tena. Aliyetengeneza taa huko ng'ambo alilipwa, na akalipwa tena taa ilipofifia. Muuza unga alilipwa kila kopo lilipokwisha. Muuza nyenje alilipwa kila juma. Jua lililokuwa bure juu ya mwamba wa Mwanza liligeuzwa kuwa bidhaa mara tu mnyama alipoondolewa chini yake, na katika bidhaa hiyo Mtanzania hakuwa na hisa. Hiyo ndiyo sura ya biashara ya mali ghafi tuliyoisoma katika pamba, katika katani na katika ngozi, isipokuwa safari hii mali ghafi ilikuwa inapumua.

Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu kabla ya kwenda shule ya Serikali tunaikumbuka habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie. Tukiwa wadogo tulishika lile la chakula. Utu uzima hutufanya tulitazame lile la pili, yaani kumwacha ajitafutie. Mwenye kumfungia kiumbe hujitwisha deni la kila kitu ambacho kiumbe hicho kingejitafutia, na jua limo ndani ya deni hilo sawasawa na maji.

Deni hilo haliko Ulaya peke yake. Hata hapa nchini kuna nyumba, na kuna mahoteli, ambamo kobe huwekwa ndani ya uzio wenye paa la bati au katika chumba cha stoo, akatupiwa ugali na mkate, watoto wakampanda mgongoni. Kwanza, kumweka mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na asiye na kibali yampasa aende ofisi ya wanyamapori iliyo karibu naye. Pili, kwa wenye kibali, nchi hii haihitaji taa. Inahitaji ua ulio wazi, wenye kivuli upande mmoja ili mnyama asiungue, majani na magugu badala ya ugali, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Ajabu itakuwa ikiwa kobe wa Tanzania atapata ugonjwa wa kukosa jua akiwa hatua tatu kutoka juani.

Na hapa tunawageukia watoto. Inasemwa mara nyingi kwamba nchi ya jua haina matege. Si kweli. Uchunguzi uliofanyika Jos, nchini Nigeria, na kuchapishwa mwaka 1999, uliwahusu watoto wenye matege katika mji wenye jua tele, na ukaonyesha kwamba waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua lilikuwapo, kilichokosekana ni chakula cha kujenga mfupa, kwa kuwa watoto wale waliishi kwa nafaka karibu tupu. Mama wa Igoma au wa Kirumba amlishaye mtoto uji wa mahindi asubuhi na ugali wenye mchuzi wa nyanya jioni yuko katika hatari ile ile, hata kama mtoto anacheza nje kutwa. Na akimfungia ndani ya chumba cha kupanga kwa kuogopa barabara, amemwongezea hatari ya pili juu ya ya kwanza.

Dawa yake inaanikwa mbele ya macho yetu. Dagaa wa Ziwa Viktoria huliwa mzima, mfupa na yote, na mfupa ndio kalsiamu yenyewe. Samaki huyu mdogo, ambaye huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani au juu ya vichanja, hununuliwa kwa magunia na viwanda vya chakula cha kuku na mifugo. Hatuna ugomvi na kuku. Lakini kijiko cha dagaa waliosafishwa na kusagwa, kikichanganywa katika uji wa mtoto, kinafanya kazi ile ile ambayo mfugaji wa mijusi kule ng'ambo anainunua kwenye kopo lenye rangi. Kliniki zetu za mama na mtoto zingefanya vyema kulisema jambo hili kwa sauti kubwa zaidi, na dagaa wa kuliwa na watu waanikwe juu ya vichanja, si mchangani.

Hatutaki tueleweke kwamba tunawahimiza watu kujiunguza. Mji wetu upo nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi tunayopokea adhuhuri ni mikali kuliko ile ya miji mingi ya dunia. Kwa ndugu zetu wenye ualbino mionzi hiyo ni adui wa kila siku, naye huwaua kwa saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga, kama yale yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC kwa ajili yao, ni haki yao ya lazima. Hata yule mjusi wa mawe, ambaye maisha yake yote ni jua, ifikapo saa sita mchana humwoni tena juu ya mwamba.

Kuna mahali ambapo haya yote yangeweza kuonyeshwa kwa macho. Kisiwa cha Saanane, kilichopata jina lake kwa Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kuvua pale, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ni mwendo mfupi wa mashua kutoka Capri Point, na mijusi ya rangi, kenge na mamba wapo huko bila taa hata moja. Wanafunzi wetu hupelekwa Saanane kuwatazama simba na pundamilia, wakapita juu ya mjusi mwenye jina la mji wao bila kuambiwa lolote. Tunaomba wahusika wa hifadhi na wa elimu ya mkoa waweke bango moja la Kiswahili pale penye miamba ya gatini, lieleze anaitwaje, anaota jua kwa nini, na wenzake walipelekwa wapi.